Aliyeandika Pia Anawasalimu

Kama kuna kitu kinanichoma roho, ni kuona kazi ya mkono wangu ikiitwa ya mtu mwingine. Na siku hiyo niliiona ukutani, mbele ya kanisa zima.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Mwalimu Chelimo alikuwa amezunguka kutoka Roret mpaka Ndanai akikusanya barua za vijana wa huku waliopelekwa Burma wakati wa vita vya Hitla, na kuwarekodi wazee kwa kaseti, ili kanisa litoe kitabu. Siku ya kuonyesha barua nikavaa koti langu la Krismasi, nikaenda. Mke wangu Elmina alishakufa, watoto wako Nairobi, na nyumbani sina wa kuongea naye ila kuku.

Barua kumi na nne. Chini ya kila moja jina: Kipruto, Kipkosgei na wengine. Na zote mwandiko mmoja. Mwandiko wangu!

"Ala! Hizi niliandika mimi," nikasema.

Kimutai, mwenyekiti wa kamati, akacheka. "Mzee Bogonko, wewe ni Mkisii. Barua za Wakipsigis uliandika vipi?"

"Kwa Kiswahili, kama unavyoona, ama huna macho? Kwenye kikosi chetu ni mimi tu nilijua kusoma na kuandika. Wao walisema, mimi nikaandika. Angalia hapo mwisho."

Mwisho wa kila barua kulikuwa na mstari uleule: Aliyeandika pia anawasalimu. Mimi mwenyewe sikuwa na wa kumwandikia. Wazazi walikufa nikiwa mdogo. Kwa hivyo nilijipenyeza kwenye salamu za wenzangu. Majibu yakija, niliwasomea mimi, na hakuna hata moja lililosema, mwambie huyo naye tunamsalimu. Wenzangu walifurahi, wakalia, mimi nikakunja karatasi. Iliniuma, sitadanganya.

"Mstari huo kila mtu anaweza kuusoma hapo ukutani," Kimutai akasema. "Haya, andika tuone."

Nikapewa kalamu. Mkono wangu siku hizi hata kikombe cha chai unakimwaga. Nilichoandika, hata mimi sikuweza kukisoma. Watu wakacheka. Nani angenitetea? Wote niliokuwa nao vitani wamekufa. Nimekaa Roret miaka thelathini na sita, na bado naitwa yule Mkisii aliyekuja kuchuma majani chai. Nikachukua kofia yangu niende zangu.

"Ngoja, baba," Mwalimu Chelimo akasema. Akatoa bahasha iliyofungwa, imegeuka manjano. "Hii mama Chepchirchir alimwandikia mumewe Kipruto. Ilirudi, maana ilikuta ameshakufa. Mama hakutaka ifunguliwe, alisema ina mwenyewe. Wanawe ndio wamenipa. Barua inayojibiwa humu ililiwa na mchwa. Kama uliiandika wewe, Kipruto aliuliza nini?"

Sikuhitaji kufikiri. Tulikuwa chini ya turubai, mvua inanyesha, Kipruto anatetemeka kwa malaria.

"Aliuliza kama ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe amezaa. Akasema akizaa jike, asiuzwe."

Mwalimu akachana bahasha polepole, akasoma kwa sauti: "Yule mwekundu wa pembe moja amezaa jike. Hatutamuuza."

Kimutai akasogea karibu. Mwalimu akaendelea: "Na huyo anayekuandikia, mwambie salamu zake tunazipata kila mara. Nimekuwa nikisahau kumjibu, anisamehe. Watoto wanamuulizia. Vita vikiisha aje naye anywe maziwa ya mursik kwetu. Anaitwa nani?"

Nikakaa. Miaka hamsini na moja mtu alikuwa ameniuliza jina, nami sijui.

"Huyu mama yuko wapi?" nikauliza. "Nipeleke leo hii."

"Tulimzika mwezi wa nne, baba."

Nililia mbele ya watu, na sikujali. Halafu nikaomba kalamu tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikaandika polepole, chini ya swali lake: Mama, naitwa Bogonko.