Chini ya Taulo la Hagop

...sauti ile ni yake, hakuna haja ya kuuliza, miaka tisa ameisikiliza kwenye kanda mpaka kanda zikalegea, sauti yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila neno, kama ya mtu aliyelala dirisha wazi, na sasa inatoka kwenye kiti cha pili, karibu kiasi kwamba Daktari Anselm Rusk akinyoosha mkono ataigusa, inamwambia kinyozi asipunguze sana juu ya masikio kwa sababu safari iliyopita mke alisema amefanana na mfungwa, na kinyozi, Hagop, anacheka na kusema mke huyo ana macho mazuri, na mkasi unaendelea, na daktari amelala chali na taulo la moto limemfunika uso mzima isipokuwa matundu ya pua, taulo aliloliomba mwenyewe, kwa sababu ndevu zake ni ngumu na zinataka mvuke kabla ya wembe, ndevu ambazo kila mtu wa Harlan Bay anazijua, zimo magazetini, zimo kwenye mabango ya polisi, zimo hata kwenye vile vitabu vya katuni vinavyouzwa kituo cha treni, ambamo wamemchora na kichwa kama boga na ndevu kama ufagio, akicheka peke yake katika chumba chenye mishumaa, wakati yeye maishani mwake hajawasha mshumaa, anaogopa moto... na leo amekuja kuzinyoa, amezificha ndani ya shali mpaka taulo lilipomfunika, baada ya kutoroka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo zamani alikuwa mkuu wake, hayo tu ndiyo yaliyomtoa mafichoni, kunyoa ndevu na kupanda treni ya jioni, na badala yake, Korongo mwenyewe amekuja kukata nywele.

Korongo, ndiyo, jina ambalo mji ulimpa kwa ile miguu mirefu na lile koti la kijivu, Korongo anayesimama juu ya mapaa na barakoa usoni na kuwashusha majambazi mmoja mmoja, ambaye uso wake hakuna aujuaye, na daktari alikwenda redioni akaapa kwamba yeye, bingwa wa akili za watu, atamvua barakoa ile mbele ya mji mzima, kwa faida ya elimu, alisema, kwa faida ya elimu, na alisema hivyo kwa sauti nzuri sana... na sasa ni suala la kuinua ncha ya taulo tu, kidole kimoja, jicho moja, basi, na bado kidole hakiendi, amelala kama maiti anayeoshwa, na joto linamshuka shingoni, na Hagop anasema, "Wendell, geuza shingo, kaka, mimi si mwanasarakasi," na hilo hapo, jina, limetupwa tu hewani pamoja na nywele, Wendell, jina alilolitafuta mpaka akasahau siku ya kuzaliwa ya binti yake, jina kama la muuza matairi, na yeye siku zote alifikiri litakuwa refu, lenye hakimu au tajiri au kasisi ndani yake, aliwahutubia madaktari wenzake saa nzima kwamba mtu anayeficha uso lazima alifiwa na baba utotoni, ni kidonda cha baba, mabwana, kidonda cha baba, na wakampigia makofi, na huyu hapa Wendell anamwambia Hagop kwamba Jumapili baba yake anakuja tena kula, na akishakuja yule mzee pai yote inaisha na bado anauliza kama kuna nyingine, na Hagop anasema heri wewe una baba wa kukumalizia pai, na daktari chini ya taulo anahisi masikio yanamwaka, na si kwa mvuke.

"Bega vipi?" anauliza Hagop, na Wendell anasema mvua ikikaribia linamjulisha kabla ya redio, na Hagop anasema ndiyo adhabu ya kupanda ngazi mbovu, na Wendell anakubali, ngazi mbovu, ndiyo... si ngazi, Hagop, si ngazi, daktari anataka kusema, ni bega la kushoto, lilichomoka juu ya Jengo la Saa, nilikuwepo, nilikuwa nimesimama chini na darubini ya michezo ya kuigiza kama bwana aliyekata tiketi, na nilimwona akiruka, na nilisema, Mungu wangu, nilisema jinsi alivyo mzuri, hilo ndilo nililolisema, na Loretta akiwa bado angani... hapana, si hapo, asiende hapo, kila siku hufika kwenye ukingo ule na kurudi, lakini leo hana pa kurudia, taulo limemziba kila upande, na Loretta Pruitt anaingia kama alivyoingia siku ile ya kwanza, mpishi wa shule, mikono inanuka vitunguu na amejaribu kuificha chini ya mkoba, anasema Daktari, tangu mama afe silali, na anaogopa urefu, Daktari, hata kubadilisha balbu nyumbani anamwita jirani, na alisema hayo kwa haya, kama mtu anayetoa nguo za ndani mbele ya wageni, na yeye akayachukua, akayaweka mahali pazuri, akamlaza kwa sauti yake, ule usingizi wa kutii amri, kama alivyowalaza mamia, na akiwa amelala akamwambia kwamba juu ya Jengo la Saa kuna usingizi, Loretta, ukipiga hatua moja mbele utalala, na kuna mtu wa kijivu atakudaka, kwa sababu chambo lazima kiwe cha kweli, Korongo haji kwa mwanasesere, na mwanamke anayemwita jirani kubadilisha balbu alipanda ngazi zote zile kwa miguu yake akapiga hatua moja mbele.

Akadakwa, ndiyo, akadakwa, siku zote hujishika hapo, hakufa, mbona mnanitazama, hakufa mtu... nyonga yake ilivunjika, bega la Korongo likachomoka, na barakoa haikuanguka, na jambo ambalo hajamwambia yeyote, wala mahakama, wala wale vijana aliowafundisha mwenyewe ambao baadaye walimfungia mlango, ni kwamba kesho yake alikwenda wodini, akiwa bado daktari wake, bado hajashukiwa, na Loretta mguu juu kwenye kamba akamwona akaanza kulia, akamshika mkono, akasema, "Nisamehe, Daktari. Ulikuwa umenifikisha mbali, na mimi nimekuharibia kazi yako." Na yeye akasema usijali. Usijali, akasema, akampigapiga mkono, na akala zabibu zake, zilikuwa kwenye sahani kando ya kitanda, dada yake alimletea, akala zabibu za mgonjwa huku akimsamehe.

Hagop anaongea tena, mkasi umesimama, karatasi inakunjuliwa, gazeti, na daktari anajua kabla hajasikia. Hagop anasema umeona, yule daktari kichaa katoka tena, na wanasema atamrudia Korongo, hana lingine, ana wazimu na yule mtu kuliko mchumba, mimi mke wangu hakuniwaza hivyo hata mwaka wa kwanza, na daktari anangoja, aibu iliyoje, fugo, kitambaa cha kinyozi, limefungwa shingoni kama bibu la mtoto na anangoja, pumzi ameibana, anataka kusikia, ni nini atakachosema juu yangu, miaka tisa mimi nimemsoma yeye, naye bila shaka ananisoma mimi, tuko wawili tu katika mji huu tunaojuana, aseme adui, aseme hatari, aseme chochote... na mkasi unaanza tena, tik, tik, na ndipo Wendell anasema, taratibu, "Mimi namfikiria Bi Loretta. Akisikia habari hii hatalala tena."

Hagop anauliza Loretta yupi, na Wendell anaeleza, yule mama aliyeanguka Jengo la Saa, anakaa mtaa wa nyuma ya kwao, Jumamosi hii anamalizia kumjengea njia ya mteremko mlangoni ya kupitisha kiti cha magurudumu, mbao amepata kazini, kazi yake fundi wa lifti, mbao hazikosekani, na huyo mama humpikia maharagwe mengi utadhani analisha shule nzima, na daktari anamsikia, na kitu cha kwanza kinachompanda kifuani, akijitazama kwa yale macho yake ya kitabibu anakiona waziwazi, ni wivu, wivu kwa Loretta Pruitt, kwamba ndiye anayefikiriwa, yeye mwenye nyonga mbovu, na halafu anaona alichokiona, na anatamani kiti kile kipasuke kimmeze. Si elimu. Haikuwa elimu hata siku moja. Alitaka mtu mmoja amfikirie, basi, na kwa ajili hiyo alimpandisha mpishi wa shule juu ya paa.

"Na unajua anachosema mpaka leo?" Wendell anasema. "Anasema kosa lilikuwa lake. Kwamba alimharibia daktari kazi."

"Umwambie."

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Mimi ni nani kwake, fundi tu. Hilo angeliamini tu akilisikia kwa yule yule aliyemtenda."

Hagop anasema yule yule hana roho ya kusema hivyo, na Wendell hajibu, na kwa nini hajibu, jibu basi, sema ninayo au sina, lakini ni mkasi tu, na brashi, na ile harufu ya poda, na taulo halina joto tena, lilipoa lini, maji yake yanaingia masikioni, na daktari anafikiri juu ya jina, jina analo mdomoni, akiinuka sasa na kupiga kelele huyu ndiye, Wendell, fundi wa lifti, mtaa wa nyuma ya kwa Loretta Pruitt, kesho mji mzima utajua, na ahadi ya redioni itakuwa imetimia, na ile njia ya mteremko itabaki nusu, mbao mbili zimepigiliwa na nyingine zimelala kwenye nyasi, na kila jambazi wa bandarini ataijua njia ya kwenda pale... anaziona zile mbao, hajui kwa nini, anaziona vizuri kuliko alivyowahi kuuona uso wowote uliolia mbele yake.

"Mzee wangu," Hagop anasema, yuko juu yake sasa, mkono wenye harufu ya ndimu umegusa ncha ya taulo, "limeshapoa hili. Nikutolee tuanze?" Na mkono wa daktari unaruka wenyewe kutoka chini ya lile fugo, miaka tisa ameuandaa mkono huu kwa kuvua barakoa, na unalishika taulo na kulibana usoni kwa nguvu. "Bado," anasema, na sauti ile nzuri haipo, inatoka sauti ya kizee. "Niachie kidogo." Hagop anasema lakini limepoa, mzee, litakupa mafua, na anaanza kulivuta kidogo kwa utani, na kutoka kiti cha pili sauti ile inasema, "Mwache, Hagop, amechoka."

Amechoka... maneno yale yale, Mwacheni, amechoka, usiku wa kukamatwa kwake, polisi wawili wakimpiga mateke kwenye kokoto na Korongo akawasukuma kando na kusema hivyo hivyo, na kwa miaka yote hii katika chumba chake chenye kitasa cha nje ameyachambua, ilikuwa dharau, hapana, ilikuwa mtego, hapana, ilikuwa mapenzi ya namna fulani, ujumbe, kwa ajili yake peke yake, aliandika juu ya maneno mawili yale mpaka wino ukamwishia, na kumbe ndivyo anavyosema, ndivyo anavyosema tu juu ya mtu yeyote aliyelala kwenye kiti na hataki kuonwa, hata asiyemjua, hata mzee aliyeng'ang'ania taulo bichi, hakuna ujumbe, Anselm, kuna mtu tu asiyependa kuona mtu anasumbuliwa. Na lilikuwa jambo dogo kiasi hicho. Angeweza kuliweza mwenyewe. Wodini, mbele ya zile zabibu, angeweza... Hagop amerudi kwenye kiti cha pili akinung'unika kwamba duka hili limekuwa hoteli, na mkasi unaendelea, na Wendell anauliza kama leo itanyesha, na ndani ya taulo lililopoa midomo ya daktari inachezacheza kwenye kitambaa, mtu aliyewalaza mamia kwa maneno anatafuta maneno, Loretta, anaanza, bila sauti, Loretta, kosa halikuwa... na hapo hapo anakwama, na anaanza tena.