Panya Ishirini

Mwaka 1995 maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameshaota Songea nzima, na Goodluck wa Msamala alikuwa na lake. Ndiye aliyemletea jirani yangu Rupert, fundi seremala, vichupa sita vya sindano kutoka ng'ambo, pamoja na karatasi za utafiti kwa Kiingereza. Daktari alikuwa ameshasema: Rupert ana sukari, kidonda kimefika mfupani, mguu ukatwe Jumatatu, la sivyo atakufa.

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwake. Kwa kuwa nafundisha baiolojia, nilikabidhiwa zile karatasi niwasomee watu.

"Dawa hii ni peptidi," nikasema, "kipande kidogo cha protini. Walichukua panya ishirini, wakawakata kano za mguu. Kumi wakachomwa dawa. Baada ya wiki mbili hao kumi walikuwa wamepona vizuri kuliko wenzao."

Vigelegele vikapigwa. Mzee Egidi, mwenyekiti wa jumuiya, akaanzisha rozari papo hapo kushukuru, na kwetu rozari ikishaanza hakuna anayeikatiza. Nikapiga magoti na nusu ya maelezo yangu mdomoni. Sikuwa nimesema kwamba panya wale walikuwa wazima, hawana sukari. Kwamba walikatwa kwa wembe safi. Kwamba siku ya kumi na nne waliuawa wote ili wapimwe, kwa hiyo siku ya kumi na tano haijulikani. Wala sikuwa nimesema kwamba hakuna binadamu hata mmoja aliyejaribiwa dawa hiyo.

Makumi matano ya rozari ni muda wa kutosha kupanga maneno. Mimi nilipanga visingizio.

Watu walipotoka, Rupert akaniita. "Mwalimu Edna, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mkewe, Kunegunda, alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake mwaka mzima.

"Utafiti unatia moyo," nikasema. Niliogopa kumharibia furaha, basi. Mungu anisamehe, mimi sijajisamehe.

Jumatatu Rupert hakwenda hospitali. Goodluck alimchoma vichupa vyote sita, kimoja kila siku. Wiki ya pili homa ikapanda, mguu ukawa mweusi hadi pajani, na walipomfikisha hospitali daktari hakuona tena pa kukata. Tulimzika Ijumaa.

Matanga yalipokwisha, Kunegunda alikuja kwangu na zile karatasi, amezikunja vizuri. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mwalimu, wale panya walikuwa na sukari?"

"Hapana, mama."

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Yeye alitaka kwenda ile Jumatatu," akasema. "Alishavaa hadi shati. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, mwalimu amesoma."