Karata ya Isale

Karata hamsini na tatu za mchezo alioubuni Remigius zilikuwa tayari kwenda kuchapwa. Iliyobaki kuchorwa ni moja tu, ya jani la isale. Kitabu cha kanuni alikitunga chote kwa beti, na ubeti wa mwisho ulisema kwamba anayepokea isale hana budi kusamehe, hata awe amekosewa namna gani.

Mchoraji wa karata alikuwa Shakiru wa mtaa wa Soweto kule mjini, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Lakini maboksi yalipotoka yana jina la Remigius peke yake, Shakiru alifunga rangi zake.

Basi Remigius akachuma isale mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo alilorithi babu yake, akashuka nalo mjini. Kwao mlimani, mtu akiletewa jani hilo husamehe hata kama moyo unamchoma.

Shakiru alilipokea, akaligeuzageuza.

"Remi, jina langu je?"

"Maboksi yameshachapwa, kaka. Ila isale umelipokea."

"Nimepokea jani. Kwetu sisi, mkosaji hufungua kinywa akaomba radhi. Wewe na beti zako zote umetuma jani likusemee?"

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lilimfika Remigius kooni, akalimeza.

Shakiru akamrudishia jani lake, akaingia ndani.

Kesho yake mchapaji alipouliza karata ya hamsini na nne iko wapi, Remigius alimwambia aiache nyeupe, na ule ubeti wa mwisho aufute.