Uso wa Mama Mkwe, Mita Tatu kwa Tatu

Wiki nzima kabla ya sherehe, mshonaji alikuwa hashikiki kwa furaha. Yeye ndiye aliyelitoa wazo: wote waliopokewa duniani na mama mkwe wake, mkunga aliyestaafu baada ya miaka arobaini, wakusanyike wamshukuru. Watu mia mbili wakaitikia. Mshonaji akawa anashona huku anaimba, akaweka mikono ya shati kinyume mara mbili, akaifumua huku akicheka.

Kilichobaki kilikuwa bango. Picha alikuwa nayo kwenye simu: mama mkwe kakitupa kichwa nyuma, anacheka meno yote nje. Wifi yake alimtumia zamani, kabla simu ya wifi haijazama kwenye ndoo ya kufulia na picha zake zote. Akaipeleka kwa mpiga chapa na maneno machache: "Mita tatu kwa tatu. Naifuata kesho asubuhi."

Asubuhi alifika mbio. Bango lilikuwa limetandazwa sakafuni. Akainama, asione uso. Aliona vigae tu, vya kahawia, vyeusi, vyekundu, kila kimoja sawa na punje ya dengu.

"Hiki nini?"

"Mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu hana pembe nne."

"Nilikupigia mara sita, dada, hupokei," mpiga chapa akasema. "Nikaona bora lawama kuliko uende mikono mitupu."

Mshonaji alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtangulia. Akaketi kwenye boksi la wino, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mbona kwenye simu inang'aa?"

"Picha ni nukta, sisi tunaziita pikseli. Hii ina mia sita upande huu na mia sita ule, kwa sababu ikitumwa kwa simu hubanwa ipite upesi. Kioo cha simu ni kidogo, zinakitosha. Wewe umezitandaza mita tatu. Kila nukta imebidi ijaze nusu sentimita peke yake."

"Kama kitambaa cha blauzi ukitake kiwe hema."

"Ndiyo hivyo. Tena nikikuza kwa kompyuta, nukta mpya hazizaliwi. Zilezile zinanenepa."

"Sasa karatasi gani ingemtosha?"

"Ya kushika mkononi? Hiyo inataka nukta kama mia na ishirini kila sentimita. Mia sita zinakupa sentimita tano."

"Nichapie hivyo, mia mbili."

Mpiga chapa akaziwasha mashine. Kisha akalitundika bango ukutani nje, akamwambia avuke barabara, asigeuke mpaka afike ng'ambo. Akavuka. Akageuka. Vigae vilikuwa vimeyeyuka, na mama mkwe yuko pale anamchekea, na meno yake yote. Mshonaji akarukaruka hadi mwuza viatu wa pale ng'ambo akamwuliza kama kuna siafu.

Kwenye sherehe alilitundika bango kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja, akapanga viti ng'ambo kabisa. Haikusaidia. Watu walitaka kulisogelea. Wakifika wanaona dengu, wanarudi kinyumenyume mpaka uso unatokea, wanacheka, wanakwenda tena. Wazee wazima walikuwa wanashindana nani atamwona kwanza.

Mkunga mwenyewe akaenda, akaligusa. "Huyu nani?"

"Rudi nyuma, mama," wifi akasema.

"Nirudi mpaka wapi?"

"Mpaka ujione."

Akarudi hatua kwa hatua, macho hayabanduki bangoni. "Bado. Bado. Hilo sikio. Lo, nyie, ni mimi." Akawa amesahau kusimama. Alirudi mpaka akapiga kiti na kuangukia mapajani mwa askari mmoja mnene, aliyemdaka vizuri tu.

"Ulinipokea mimi nikiwa sina nguo," askari akasema. "Leo acha nikupokee wewe, umevaa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mshonaji na wifi yake walikuwa wameshaketi chini, wameegemeana, machozi yanawatoka. Mshonaji akajikokota mpaka kwa mama mkwe, akamwekea kiganjani kadi ndogo, ile ya sentimita tano.

"Na hii niiangalie kutoka wapi?"

"Hiyo karibu, mama. Karibu kabisa."

Mkunga akaisogeza puani. Kila unywele ulionekana. Akaitazama kwa muda mrefu, bado amekaa pale pale mapajani kwa askari, wala hakuna aliyemwinua.