Kipimo cha Jal

Akuwam alikuwa nesi wa lishe katika zahanati moja kambini Kakuma. Kazi yake ilikuwa kuzungusha utepe wa rangi wa kupima unene kwenye mkono wa mtoto. Ukionyesha nyekundu, mtoto alipewa pakiti za chakula cha tiba. Ukionyesha njano, alirudishwa nyumbani, kwa kuwa pakiti hazikutosha.

Mwezi wa pili Nyakuoth, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alimleta mwanawe Jal. Njano, karibu kabisa na nyekundu.

"Sista, kwani nimrudishe akonde zaidi ndiyo umsaidie?"

Akuwam aliusoma utepe tena. Kijijini kwao Lowarengak, mama yake hakuwahi kumfukuza mtu mwenye njaa. Akaandika nyekundu. Wiki ile aliwaandikia hivyo watoto wengine kumi.

Msimamizi wake, Elijah, aligundua. "Wewe unamwona aliye mbele yako. Mimi lazima nimfikirie ambaye bado hajafika."

"Basi mfikirie wewe. Mimi siwezi kumwambia mama kwamba mwanawe hajakonda vya kutosha."

Mvua ikanyesha, laga, mito ya msimu, zikajaa na kukata barabara, lori la pakiti likakwama Lodwar. Pakiti zikaisha stoo kabla ya wakati. Siku ya tatu akaja Adome, mama Mturkana kutoka nje ya kambi, na binti mgongoni. Mtoto huyu hakuhitaji utepe. Ngozi ilikuwa imeshika mfupa. Akuwam alimnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, akapiga simu Lodwar kuuliza lori, akapiga tena. Kesho yake saa nne asubuhi mtoto akakata roho.

Adome hakulia. Aliuliza tu kama kuna mtu wa kumsaidia kumbeba hadi nyumbani.

"Niandikie barua ya kufukuzwa," Akuwam alimwambia Elijah.

"Nikikufukuza, nani atapima?"

"Kwa hiyo ningemwacha Jal?"

Elijah alifungua daftari la stoo, akalifunga. "Kanuni inasema hivyo. Na pengine Jal ndiye angekufa."

"Sasa inatusaidia nini?"

"Sijui, Akuwam. Labda tu kwamba si wewe unayechagua."

Lori lilifika Jumatatu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama wa mapacha. Akuwam aliwapima mara mbili. Njano, wote wawili. Akaandika njano.

Mama yule hakubishana. Alimfunga mmoja mgongoni, akampakata mwingine, akatoka juani. Akuwam alitazama daftari lake mpaka hatua za mama zikaacha kusikika, kisha akaita anayefuata.