Alama za Vidole Nyuma ya Maktaba

Mkuu wa Chuo alipomwita mkutubi ofisini na kumwagiza aandike historia ya chuo kwa ajili ya sherehe za miaka hamsini, yeye Mkuu alikuwa ameshaiandika kichwani zamani. Kilichobaki ni mtu wa kuichapa. Alimweleza, huku akizungusha kiti chake, kwamba chuo kilizaliwa na maono ya mtu mmoja, Mheshimiwa Mstaafu, ambaye enzi hizo alikuwa ofisa wa serikali wa eneo lile, na ambaye, kwa bahati njema, mwanawe sasa ndiye mwenyekiti wa bodi. Kurasa kumi na mbili zingetosha. Picha ya Mheshimiwa ukurasa wa kwanza, picha ya Mkuu ukurasa wa pili, na kuanzia wa tatu historia ingeweza kuingia.

Wanafunzi walimwita mkutubi huyo Mama Kimya, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolisema kuliko yote. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametunza vitabu mia sita, vingi vikiwa vya kufuga wanyama ambao watu wa pale hawajawahi hata kuwaona. Hakuwa mtu wa kubishana. Alisema sawa, akachukua daftari lake, akatoka.

Kibao cha getini kilikuwa kikubwa kuliko geti lenyewe, nacho kilitangaza kwamba hapo ni Kitovu cha Umahiri. Ukishakipita kibao, umahiri ulipungua hatua kwa hatua. Kulikuwa na njia ya mawe yaliyopakwa chokaa, bwalo lililovuja upande wa wanafunzi tu, na maabara ya kompyuta kumi na moja zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, nne kati yake zikiwaka. Karakana ya useremala ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kweli, na pengine ndiyo maana haikuwekwa kwenye ziara ya mgeni rasmi.

Katika makabati ya utawala, Mama Kimya alipekua siku tatu. Kuhusu mwaka wa kwanza alipata karatasi moja tu: barua ya kuwaamuru "wanawake wanaochoma matofali bila kibali" wazime tanuri lao mara moja. Chini yake ilikuwa sahihi ya Mheshimiwa, imepindwa kwa madaha kama mkia wa mbuzi. Aliisoma mara mbili, akaitia ndani ya daftari lake. Kisha akaenda kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyekaa nyumba ya tatu nyuma ya uzio wa chuo. Alijua shangazi aliwahi kufanya kazi pale. Kazi gani, hakuwahi kuuliza, na sasa alijionea aibu.

Shangazi alimsimulia huku akichambua mchele. Walikuwa wanawake thelathini na mmoja. Walitaka watoto wao wafundishwe kushona na useremala karibu na nyumbani, wakachoka kuahidiwa, wakaanza kufyatua matofali wenyewe. Kila mmoja alibonyeza kidole gumba kwenye tofali lake likiwa bichi, ili likipasuka ajulikane mzembe ni nani. Barua ilipofika walizima tanuri kwa heshima zote, wakawasha jingine bondeni, ambako gari la ofisa lisingefika. Siku ya ufunguzi ofisa huyo huyo alikuja na mkasi, akakata utepe, akahutubia saa mbili juu ya kujitegemea. Wao waliambiwa warudi nyuma, wasiharibu picha.

Mama Kimya aliandika yote. Mkuu alisoma ukurasa mmoja akiwa amesimama, akaurudisha taratibu.

"Haya ni ya kweli, siyabishii," alisema. "Lakini hii si historia ya chuo. Hii ni historia ya matofali."

Basi Mama Kimya aliandika upya, tusimsingizie ushujaa. Neno maono alilichapa mara kumi na nne, na kila alipolichapa alihisi kama anamkanyaga mtu mguu. Mkuu naye aliagiza kuta za maktaba, iliyojengwa kwa matofali yale, zipigwe lipu, alama za vidole zisionekane. Fundi alianza na upande wa mbele, ambako mgeni angepita. Saruji ilimwishia kwenye kona.

Siku ya sherehe, baada ya hotuba ya tano, mgeni rasmi, mama mmoja kutoka wizarani, aliomba kwenda msalani. Vyoo vya utawala vilikuwa vimepakwa rangi mpya lakini havikuwa na maji, kwa hiyo Mama Kimya alimpeleka vile vya nyuma ya maktaba. Alipotoka, mgeni alisimama mbele ya ukuta.

"Hivi vidole ni vya nani?"

Mama Kimya alitazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Vya waliojenga chuo, mama. Mmoja ni shangazi yangu. Yuko pale nje ya uzio, walinzi wamemzuia kwa kuwa hana kadi." Kisha, kabla woga haujamrudia, alitoa ile barua kwenye daftari akamkabidhi.

Shangazi aliletwa akiwa na ndala zake miguuni. Aliukagua ukuta polepole, akatia kidole kwenye alama moja, akatikisa kichwa. "Si langu tofali hili. Huyu alikuwa mvivu, ona lilivyopinda."

Mkuu alifika akihema, akaelewa upepo umegeuka, naye akageuka nao. Nusu saa baadaye alikuwa kwenye kipaza sauti, sauti ikimtetemeka, akieleza jinsi siku zote alivyoguswa na akina mama wale. Mheshimiwa Mstaafu, aliyekuwa amesinzia jukwaani, aliamshwa, akasema anakumbuka vizuri, kibali alikitoa yeye. Mgeni rasmi alimtazama, akaikunjua barua, akaisoma kwa sauti kuanzia tarehe hadi sahihi, akaketi. Mwenyekiti wa bodi alipata simu ya dharura.

Kijitabu cha historia kiliondolewa. Iliundwa kamati ya historia, mwenyekiti wake Mkuu. Wanawake wanne waliokuwa bado hai waliitwa kupewa vyeti vya ushiriki, na shangazi alikirudisha chake palepale.

"Kushiriki alishiriki yule wa mkasi," alimwambia Mkuu. "Sisi tulijenga."

Toleo jipya lilitoka na majina yote thelathini na moja, katika ukurasa wa tano, baada ya picha mbili za Mkuu. Saba yalikuwa yamekosewa. Mama Kimya aliomba asahihishe, akajibiwa kwamba vimeshachapwa. Hakubishana. Alibeba maboksi yote hadi kwa shangazi, nakala mia nne, wakaketi barazani na kalamu mbili nyeusi, mmoja akitamka jina, mwingine akiandika.