Posa ya Heliamu Kumi

Tluway alikuwa na elimu nyingi kuliko akili, na siku ya kupeleka posa Endabash ndiyo iliyomuumbua.

Chuo kikuu alikuwa anasomea viini vya atomu. Kila akirudi Karatu aliwachosha watu kwa habari za protoni na nyutroni: eti hukaa kwa matabaka, na tabaka likijaa kiini hutulia tuli. Mbili hujaza tabaka. Nane nayo hujaza. Basi akapanga wajumbe wake vivyo hivyo: wasemaji wawili, baba zake wadogo Julius na Yohani, ambao hawaivi chungu kimoja, na wasindikizaji nane wa kukaa kimya.

"Posa hii haivunjiki hata kwa nyundo," alijitapa.

Ikaanza kuvunjika kabla ya chai kupoa. Mzee Lazaro, baba wa Selestina, binti anayeposwa, aliuliza tu msemaji ni nani. Julius akasimama. Yohani naye akasimama.

"Kaa chini, mkubwa ni mimi!"

"Mkubwa wa tumbo!"

Wasindikizaji, badala ya kuwatuliza, wakageuka washangiliaji. Hawa wanampigia Julius makofi, wale wanamtia Yohani ndimu.

"Sikilizeni," mzee Lazaro akasema. "Binti yangu simtoi kwa watu wanaogombania kusimama. Nikimaliza kikombe hiki, safari njema."

Tluway alikuwa mlangoni, kichwa chini, maana kwa mila mposaji hasemi neno. Selestina, mwalimu wa fizikia, ndiye mtu pekee Karatu nzima aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Akimkosa huyu, atazungumza na nani?

Selestina akapita na chupa ya chai, akainama kama anammiminia.

"Umeleta wangapi?"

"Wawili na nane," akanong'ona. "Matabaka yote yamejaa."

"Protoni mbili na nyutroni nane ni nini, Tluway?"

Heliamu kumi! Kwenye karatasi ungedhani ni mwamba. Lakini nyutroni zimezidi mno, hata tabaka lililojaa halisaidii kitu, na kiini kinasambaratika kabla hujapepesa jicho. Na tasnifu yake nzima ilikuwa juu ya kiini hichohicho.

"Zinazozidi huwa zinafanyaje?"

"Zinadondoka."

"Basi tulia," Selestina akasema, akaelekea uani.

Haukupita muda, harufu ya nyama choma ikaingia kutoka uani. Msindikizaji mmoja akaomba kunawa mikono. Mwingine akakumbuka ana simu ya kupiga. Wakachomoka mmoja mmoja hadi wakabaki wawili: shangazi Hyasinta, ambaye nyama haigusi, na mzee Tobiko, aliyekuwa amelala fofofo. Hyasinta akawaketisha ndugu wale wawili, akahamia katikati yao. Kichwa cha Tobiko kikaangukia bega la Yohani, na Yohani, kwa adabu, akashindwa kusimama tena. Pasipo wa kushangilia, ugomvi ukakosa ladha. Julius akaomba msamaha, akaeleza posa vizuri, na Yohani akaitikia kutoka chini ya kichwa cha Tobiko. Wawili na wawili, Tluway akawaza: heliamu nne, kiini kisichotikisika.

Mzee Lazaro akaweka kikombe mezani, chai ingali imebaki.

"Sasa mmekuwa watu. Binti nimemtoa."

Tluway, mwanaume mzima na mila zake, akapiga kigelegele.

Wakati wa kuondoka, wale sita walitolewa uani kwa nguvu, midomo ikiwaka mafuta, na hakuna aliyeuliza posa imefikia wapi. Selestina akamsindikiza mchumba wake hadi kwenye gari.

"Harusini," akamwambia, "viti napanga mimi."